Kula Hamburg: uzoefu wangu kutoka bandarini hadi Steindamm

Mtu akiniuliza ale wapi Hamburg, Ujerumani, namwambia hivi: mchana kula samaki bandarini ukiwa umesimama, jioni nenda Steindamm nyuma ya stesheni kuu. Huko kwingine ni nyongeza. Ninaishi mji huu, na kwa kuwa Hamburg na Dar es Salaam ni miji ndugu tangu 2010, wageni wa nyumbani hawakosekani. Wengi wao ni Waislamu wa pwani, na kabla hawajauliza bei wanauliza kama chakula ni halali. Nimeandika nikiwafikiria wao.

Tuanze na bandari. Landungsbrücken ni magati yanayoelea juu ya mto Elbe. Bahari ya Kaskazini iko kilomita zipatazo 100 kutoka hapo, lakini maji kujaa na kupwa yanafika mpaka mjini, na magati yanapanda na kushuka nayo. Pale ndipo penye vibanda na migahawa midogo ya Fischbrötchen, yaani mkate wa samaki, na ninapopapenda zaidi ni Brücke 10. Wanachukua mkate mdogo wa ngano wenye ganda linalovunjika ukiuma, wanaupasua, wanaweka mnofu wa samaki, vitunguu vibichi na tango la siki, basi. Hakuna sahani wala uma. Samaki akiwa mzuri, huhitaji kingine.

Chaguo lako ndilo linaloamua kama utafurahi. Bismarck ni samaki hering aliyelowekwa kwenye siki. Ana ukali unaozibua pua, na kwa mtu aliyezoea achari ni mahali pazuri pa kuanzia. Matjes ni hering mchanga aliyekolezwa chumvi bila kupikwa, laini kiasi kwamba huna haja ya kutafuna sana, na mafuta yake yanabaki mdomoni. Wageni wangu wengi wanamkataa kwa macho kabla hawajaonja. Mimi nasema onja: huyo ndiye samaki wa Hamburg hasa. Asiyetaka samaki mbichi achukue Backfisch, mnofu uliochovywa kwenye unga na kukaangwa, lakini auombe ule uliotoka kwenye mafuta sasa hivi, maana uliokaa kwenye kabati la kioo huwa umeshalainika. Na Mwislamu aulize kwanza kuhusu huo unga, kwa sababu sehemu nyingi huukoroga kwa bia na kuuita Bierteig. Krabben, kamba wadogo wa Bahari ya Kaskazini, ni watamu kweli, ila bei yao inapita mikate mingine yote kwa mbali. Mikate ya kawaida nimeikuta ikiuzwa yuro 5 hadi 8 hivi.

Ukishanunua, panda nao pantoni namba 62 inayokwenda Finkenwerder. Tiketi ya basi na treni za mjini inakubalika humo, hulipi cha ziada, na juu kuna sehemu ya wazi ya kukaa. Unapita kando ya meli za makontena na vyelezo huku unakula. Jihadhari na shakwe tu, wanapiga mbizi kutoka nyuma na mkate unaondoka wote.

Hilo jina la Finkenwerder lishike vizuri, kwa sababu utalikuta kwenye menyu. Scholle ni samaki bapa wa baharini, mtamu sana akikaangwa mzima kwa siagi. Lakini Scholle "Finkenwerder Art", yaani kwa mtindo wa Finkenwerder, hukaangwa na vipande vya Speck, na Speck ni nyama ya nguruwe. Menyu nyingi haziandiki hilo, kwa sababu kwa wenyeji jina lenyewe linatosha. Mkahawa mmoja wa ukingoni mwa maji, wenye menyu ya picha na lugha nyingi, nilimuuliza mhudumu waziwazi kama kuna nguruwe, akasema hakuna, ni samaki tu. Sahani ikaja na vipande vya Speck vinang'aa juu ya ngozi ya samaki. Niliporudisha, wakavikwangua na kuniletea samaki yuleyule, alama za kisu zikiwa bado mgongoni. Sikula, na sijarudi. Agiza "Müllerin Art", anayepakwa unga na kukaangwa kwa siagi, au "Büsumer Art", anayekuja na wale kamba wadogo, halafu useme "ohne Speck", yaani bila Speck, hata kama unadhani hakuna haja. Viazi vya kukaanga vya pembeni, Bratkartoffeln, navyo mara nyingi huwekwa Speck. Vya kuchemsha, Salzkartoffeln, huchemshwa kwa maji na chumvi tu.

Jumapili alfajiri kuna Fischmarkt, soko la samaki la Altona, ambalo lipo tangu 1703. Majira ya joto linaanza saa 11 alfajiri, majira ya baridi saa 1 asubuhi, na saa 3 na nusu limekwisha. Ukichelewa utakuta wanafagia. Lakini nawaambia ukweli watu wangu: kama unakwenda kwa ajili ya chakula, Landungsbrücken siku ya kawaida ni bora na ni pa utulivu. Fischmarkt nenda kwa ajili ya wauzaji wenyewe. Wanasimama juu ya magari yao wanapaza sauti, wanajaza kapu la matunda mbele yako, wanaongeza nanasi, wanaongeza fungu la ndizi, bei inabaki ileile mpaka mtu akubali. Ndani ya jengo la mnada la zamani, lililojengwa 1896, bendi inapiga muziki na watu waliokesha wanaendelea kunywa. Ukiwa na watoto, baki nje kwenye matunda.

Hatua chache kutoka Landungsbrücken kuna mtaa wa Wareno, hasa barabara ya Ditmar-Koel-Straße. Ni pa sadini za kuchoma, pweza, na keki ndogo za pastel de nata pamoja na kahawa ya maziwa. Samaki wao wanachomwa kwa chumvi kubwa, limau na mafuta ya zeituni, na mtu wa pwani anawaelewa bila maelezo. Bei iko juu kidogo na jioni za kiangazi meza za nje zinajaa, kwa hiyo piga simu uweke nafasi.

Sasa Steindamm, ambako mimi mwenyewe ninakwenda zaidi kuliko kwingine kokote. Toka stesheni kuu upande wa mtaa wa St. Georg, tembea dakika chache, utaona mabucha ya halali, maduka ya Waturuki, Waarabu na Waafghani, na ukichepuka kidogo upate maduka ya Waafrika yenye mihogo na ndizi za kupika. Msikiti wa Centrum uko jirani, Böckmannstraße, una minara miwili iliyopambwa kwa pembesita za kijani na nyeupe, kwa hiyo unaswali kisha unakwenda kula. Karibu na stesheni kuna walevi na watumiaji wa dawa za kulevya, usiku hasa. Shika begi lako, endelea na safari yako. Mimi hawajawahi kunisumbua.

Hamburg ina jamii ya Waafghani ambayo ni miongoni mwa kubwa zaidi Ulaya, na kwangu chakula chao ndicho bora cha jioni katika mji huu. Agiza kabuli palau. Inakuja sinia ya wali mrefu wa rangi ya kahawia hafifu, punje zimeachana, juu karoti za nyuzi na zabibu kavu zilizopitishwa kwenye mafuta. Nyama huioni. Ukichimba katikati unakuta kipande cha kondoo kimezikwa na mfupa wake, kimeiva mpaka kinaachia chenyewe. Ni ndugu wa pilau yetu, ila mwenye utamu wa karoti na mwenye mkono mwepesi kwenye bizari. Ukipenda vya unga, kuna mantu, vifuko vya nyama vya kupikwa kwa mvuke vinavyomwagiwa mtindi wenye kitunguu saumu na nanaa kavu. Sahani moja ya palau tunakula watu wawili wasio na njaa kali. Baadaye omba chai ya kijani yenye iliki, ukae. Hapa hakuna anayekuletea bili ili uondoke.

Ukiwa na pesa kidogo, ingia kwa Mturuki uagize mercimek, supu ya dengu nyekundu. Inakuja na limau na mkate, na kwa kawaida huo mkate hautozwi. Mwanafunzi anashiba.

Asubuhi, Franzbrötchen: mkate bapa wa siagi, sukari na mdalasini, unapatikana karibu kila duka la mikate. Chukua wa moto. Labskaus, chakula cha mabaharia cha nyama ya ng'ombe ya chumvi iliyopondwa na viazi na kiazisukari chekundu, na yai la kukaanga juu, watu wa hapa wanakiheshimu sana. Mimi kimenishinda.

Mambo ya malipo. Siku za kazi tafuta ubao wa Mittagstisch, yaani chakula cha mchana, nje ya mgahawa, kuanzia saa 5 na nusu hadi saa 8 na nusu hivi. Chakula kilekile cha jioni unakipata kwa bei nafuu zaidi. Maji yanalipiwa, na usiposema "still" utaletewa ya gesi. Beba pesa taslimu, vibanda vidogo vingi havipokei kadi. Bakshishi huiachi mezani: unamtajia mhudumu jumla unayotaka akate, bili ikiwa yuro 27.50 unasema 30. Na Jumatatu migahawa mingi midogo hupumzika, wanaandika Ruhetag mlangoni, angalia kabla hujatoka nyumbani.