Kadi ya grafiki ya kuhariri video na gemu kidogo: kabla ya kuuliza GB ngapi, uliza 4:2:2

Lalamiko ni lile lile. Mtu ananunua kadi kwa pesa nzito, anaichomeka, gemu zinateleza bila shida. Kisha anafungua kazi ya harusi iliyopigwa kwa Sony au Canon, na picha inagandaganda kwenye taimulaini kama vile hakununua kitu. Anaambiwa aongeze RAM, anaongeza. Anaambiwa SSD yake ni nzito, anabadilisha. Hali haibadiliki. Kadi si mbovu na wala si dhaifu. Haijui tu kufungua aina ya video aliyonayo, na aliyemuuzia hakumwambia.

Kwa hiyo hapa hatutahesabu kori wala kulinganisha kasi ya chipu. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Tutaanza na jambo ambalo boksi halisemi.

Kisimbuzi kilichomo ndani ya kadi

Kamera haihifadhi rangi ya kila pikseli. Chukua mraba wa pikseli nne, mbili juu na mbili chini. Mwanga unahifadhiwa kwa zote nne. Rangi, kwenye 4:2:0, inahifadhiwa mara moja kwa mraba mzima. Kwenye 4:2:2 inahifadhiwa mara mbili. Video za simu kwa kawaida ni 4:2:0. Sony A7 IV, Sony FX30, Canon R6 na Panasonic GH5 zote zinaweza kurekodi 4:2:2 ya biti 10, yaani ngazi 1,024 kwa kila rangi badala ya 256. Wapiga video wanaipenda kwa haki: ukisahihisha rangi ya ngozi au anga ya jioni, picha haivunjiki mistari mistari.

Ndani ya GPU, yaani chipu kuu ya kadi, kuna kipande kidogo kinachofanya kazi moja tu ya kufungua video iliyobanwa kwa mifumo kama H.264 na H.265. Ni kisimbuzi, kama kile cha televisheni: kama hakikutengenezwa kwa mfumo fulani, hakifungui, hata ukikibembeleza. Nguvu ya gemu haihusiani nacho kabisa. Na hapa ndipo watu wanapoliwa pesa zao: NVIDIA zote za kabla ya mfululizo wa RTX 50 hazifungui 4:2:2. RTX 4090, iliyotoka 2022 kwa dola 1,599, haifungui. RTX 5050 ya dola 249 inafungua. Upande wa AMD, hata RX 9000 za mwaka 2025 hazifungui.

Intel walilimaliza hili mapema. Kuanzia prosesa za kizazi cha 11, grafiki ya ndani inafungua H.265 ya 4:2:2 biti 10, na kadi zao za Arc pia. Lakini angalia vizuri: ni H.265, si H.264. Kati ya kadi tunazozitaja hapa, RTX 50 ndizo zinazofungua zote mbili.

Kadi ikishindwa, mzigo mzima unaangukia prosesa. Ukitaka kuthibitisha, pakua MediaInfo, ni ya bure, kisha fungua faili moja la kamera yako. Tafuta mstari wa "Chroma subsampling" na wa "Bit depth". Ukisoma 4:2:2 na 10, jambo hili linakuhusu. Halafu cheza video hiyo kwenye programu ya kuhariri huku umefungua Task Manager ya Windows, sehemu ya GPU, ukiangalia mchoro wa "Video Decode". Ukikaa sifuri huku prosesa ikigonga asilimia mia, kadi yako inatazama tu.

Programu nayo ina sehemu yake. Premiere Pro ilianza kuitumia RTX 50 kwa 4:2:2 katika toleo la 25.2, la Aprili 2025, kwa hiyo matoleo ya zamani yaliyosambazwa kwenye flashi hayatakusaidia. Kwa DaVinci Resolve, kufungua H.264 na H.265 kwa GPU kwenye Windows kwa kiasi kikubwa kumewekwa kwenye toleo la kulipia la Studio, ambalo ni dola 295 unazolipa mara moja.

Kama unapiga kwa simu tu na kuhariri kwa CapCut, hili la 4:2:2 lipite. Wewe soma kuhusu memori na umeme.

Ya kwanza: RTX 5060 Ti ya GB 16

Hii ndiyo ya kununua. Ilitoka Aprili 2025 kwa dola 429 Marekani, inakula wati 180, na NVIDIA wanapendekeza pawasaplai ya wati 600. Inafungua 4:2:2 ya H.264 na H.265, inasimba AV1 (mfumo mpya zaidi wa kubana video), na GB 16 zinatosha kwa 4K yenye kusafisha chengachenga, jambo ambalo kwenye Resolve hujaza GB 8 upesi na kuleta ule ujumbe kwamba memori ya GPU imejaa. Kwa gemu za 1080p inakwenda bila jasho, na nyingi zitakwenda hata kwa 1440p.

Napendelea NVIDIA, nalisema wazi. CUDA, mfumo wa NVIDIA unaoziwezesha programu kutumia nguvu ya kadi, imekuwa ndani ya Premiere, Resolve na Blender kwa miaka mingi, programu-jalizi nyingi zinajaribiwa kwanza kwa kadi zao, na mteja akisubiri kazi usiku hutaki kuanza kuwinda draiva.

Lakini kuna mtego. Kadi hiyo hiyo, kwa jina hilo hilo, ipo ya GB 8, na siku ya kutoka tofauti ilikuwa dola 50 tu. Ni makosa makubwa ya NVIDIA kuzipa jina moja, na madukani makosa hayo yamegeuzwa biashara: tangazo linasema "5060 Ti" basi, bei inakaribia ya GB 16, na ukifika unakabidhiwa ya GB 8 kwa maelezo kwamba "ni ile ile." Si ile ile. Memori ikijaa, kadi inaanza kuazima RAM ya kompyuta kupitia tundu la PCIe, na kadi hii ina njia 8 tu badala ya 16. Kwenye madabodi ya zamani ya PCIe 3.0 mwendo unaanguka vibaya. Soma kibandiko cha boksi, kisha usome tena ndani ya kompyuta kwa GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi.

Ukiwa na pesa zaidi, RTX 5070 ina nguvu zaidi lakini ina GB 12 na inakula wati 250. Kwa mhariri, hizo GB 16 zina faida zaidi.

Ya pili: RTX 3060 ya GB 12, ikiwa na prosesa sahihi

Kadi ya mwaka 2021, na bado inastahili heshima. Wati 170, pawasaplai ya wati 550, memori GB 12. Yenyewe haifungui 4:2:2. Dawa yake iko kwenye prosesa: ukiwa na Core i5-12400, grafiki yake ya ndani inafungua H.265 4:2:2, na 3060 inabaki na rangi, efekti na kutoa video. Vitu viwili vinafanya kazi pamoja bila kugombana.

Sharti ni moja, na wauzaji wanalivunja kila siku. Lazima iwe i5-12400, isiwe i5-12400F. Hiyo F mwishoni ina maana grafiki ya ndani haipo. Mafundi wanaounganisha kompyuta wanapenda F kwa sababu ni nafuu kwao, na kwa mtu wa gemu haina ubaya wowote. Kwa mhariri ni hasara inayouma kwa miaka. Baada ya kufunga kadi, ingia BIOS uwashe grafiki ya ndani. Kwenye madabodi nyingi hujizima kadi ya nje ikichomekwa, na kwenye ASUS mpangilio huo unaitwa "iGPU Multi-Monitor".

Kisha weka kamera irekodi H.265. Kwenye Sony hiyo ni XAVC HS, si XAVC S. Tahadhari kwa sisi tunaotumia mfumo wa video wa PAL: kwenye A7 IV, XAVC HS 4K haina 25p (picha 25 kwa sekunde), kuna 50p. Anayelazimika kupiga 25p atarudi XAVC S, ambayo ni H.264, na hapo Quick Sync, yaani kisimbuzi cha grafiki ya ndani ya Intel, haina msaada. Huyo atengeneze proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria, za DNxHR LB au ProRes Proxy usiku akilala, au atafute RTX 50.

Epuka 3060 ya GB 8, ambayo njia yake ya memori imekatwa kutoka biti 192 hadi 128. Jina ni moja hapa pia.

Ya tatu: Intel Arc B580

GB 12, wati 190, dola 249 ilipotoka Desemba 2024. Kwa anayepiga H.265 kwa Canon, kwenye karatasi hii ndiyo ya thamani kuliko zote. Naiweka ya tatu kwa sababu inadai Resizable BAR, mpangilio wa BIOS unaoiruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mara moja, na hiyo inataka Intel ya kizazi cha 10 au Ryzen 3000 kwenda juu, na hata hapo prosesa dhaifu huishusha sana kwenye gemu. Ukiiweka kwenye kompyuta ya mtumba ya kizazi cha 6 utaichukia bure. Kwenye mashine mpya, inunue.

Zinazofuata, kwa kifupi

RTX 5050 na RTX 5060, zote za GB 8, zinafungua 4:2:2 na zinafaa kwa 1080p na 4K nyepesi. RTX 4060 kwa sasa ina maana ikiwa bei ni ya kuokota. RX 9060 XT ya GB 16 ni kadi nzuri ya gemu. Kwa 4:2:2 haisaidii.

Za bei ya chini

RTX 3050 ya GB 6 ndiyo pekee ninayoitaja kwa roho safi. Inakula wati 70, haihitaji waya wa umeme, na inakaa kwenye zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba ambazo ofisi nyingi zinazo. OptiPlex 7040 ya mnara ina pawasaplai ya wati 240. Ile nyembamba ya SFF ina 180 na inataka kadi ya kimo kifupi (low profile). Zote hazina waya wa pini 8. Fundi akikuambia ataweka adapta kutoka waya wa SATA kwenda pini 8, mkatalie. Waya wa SATA kwa volti 12 umepangiwa wati 54, tundu la pini 8 linaweza kuvuta 150. Plastiki inayeyuka, na pawasaplai inaweza kuondoka na madabodi.

Usinunue kabisa GT 730 wala GT 1030. Hiyo 1030 haina hata kisimbaji cha kutoa video. RX 6500 XT na RX 6400 nazo hazina kisimbaji, na njia zao za PCIe ni 4 tu. GTX 10 zote zimeondolewa kwenye draiva mpya za gemu tangu Oktoba 2025; zimebakiwa na marekebisho ya usalama tu.

Kuhusu bei na wauzaji

Bei za dola nilizotaja ni za siku ya kutoka huko Marekani, kabla ya kodi. Ongeza usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya, na utaelewa kwa nini bei ya dukani haifanani. Hilo halina ubishi. Kinachoumiza ni kadi ya mtumba kuuzwa kwa bei ya mpya kwa sababu imepulizwa vumbi na kuwekwa kwenye boksi lisilo na jina. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa GPU Septemba 2022, kadi zilizokuwa zikiwaka mchana na usiku zilimwagika sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimechoka na pesti yake ya joto imekauka, na mnunuzi ana haki ya kulijua hilo kabla ya kutoa pesa.

RX 580 ndiyo inayochezewa zaidi. Halisi ina shada (kori ndogo za kuchora picha) 2,304. Ile ya "2048SP" ni RX 570 iliyobadilishwa jina. GTX 1050 Ti nyingine ni kadi za zamani zilizoandikiwa BIOS ya uongo. GPU-Z inazigundua na kuweka neno "[FAKE]" mbele ya jina.

Iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, nenda na flashi. Ndani weka GPU-Z, MediaInfo na klipu ya dakika mbili kutoka kamera yako mwenyewe, si ya kudownload. Omba kadi ichomekwe. Soma memori na upana wa njia yake kwenye GPU-Z. Endesha gemu au jaribio zito kwa dakika 15 huku feni zikisikika. Kelele ya kukwaruza ni beringi, na joto likipita nyuzi 85 ndani ya chumba chenye kiyoyozi, nyumbani kwako kutakuwa kubaya zaidi. Kisha cheza klipu yako na uangalie "Video Decode". Risiti iandikwe jina kamili, GB za memori na namba ya utambulisho (serial) ya kadi, na muda wa dhamana kwa tarehe. Muuzaji akisema kompyuta ya kujaribia haipo, duka la jirani huwa nayo.