EUR-Lex: sheria zote za Ulaya bure, ila jua namba

Anayesomea sheria za biashara ya kimataifa akiwa Tanga hana sababu ya kuagiza vitabu vya bei mbaya kutoka Dar. EUR-Lex, tovuti rasmi ya sheria za Umoja wa Ulaya, ni bure, na kusoma hakuhitaji kujisajili. Udhaifu wake ni kisanduku cha kutafutia: ukiandika maneno matupu unamwagiwa nyaraka chungu nzima, nyingine zilishafutwa zamani.

Dawa ni namba ya CELEX, kitambulisho cha kila waraka humo. Chukua 32005R0396, kanuni ya mabaki ya viuatilifu, inayomhusu kila anayepeleka pilipili manga ya Muheza Ulaya. 3 ni fungu la sheria zilizotungwa, 2005 mwaka, R kanuni (direktivu, yaani agizo ambalo kila nchi mwanachama hulitekeleza kwa sheria yake, ni L), 0396 namba yake. Hukumu huanza na 6. Ile ya Van Gend en Loos, kesi maarufu ya Mahakama ya Haki ya Ulaya, ni 61962CJ0026, na hapo wengi hujikwaa: hukumu ilitoka 5 Februari 1963, lakini namba hubeba mwaka kesi ilipofunguliwa.

Mtego mkubwa zaidi ni toleo. Ukibandika namba ya sheria inayoanza na 3 unaletewa maandishi ya siku ya kwanza. Namba ya toleo lenye marekebisho huanza na 0 na kuishia na tarehe. Mfano mzuri ni Kanuni 978/2012 ya nafuu za ushuru kwa bidhaa za nchi zinazoendelea. Toleo la mwanzo linasema mpango unakoma 31 Desemba 2023. Marekebisho ya 2023 yalisogeza ukomo hadi mwisho wa 2027. Ila soma ibara ya 43 mpaka nukta ya mwisho: ukomo huo hauugusi mpango wa nchi zenye maendeleo duni, ule wa kila kitu isipokuwa silaha, ambao Tanzania imo. Wakala wa forodha anayeishia nusu ya ibara atamtia mteja wake anayeuza pweza Ulaya kiwewe cha bure. Na toleo lenye marekebisho ni la kusomea tu. Kwenye hoja ya kisheria nukuu Gazeti Rasmi la Umoja wa Ulaya.

Lugha zipo 24, Kiswahili hakimo. Unaweza kupanga tatu ubavu kwa ubavu, jambo tamu kwenye kompyuta na karaha kwenye simu.

Viwango vya kila kiuatilifu usivitafute humu, majedwali yake yanachosha. Nenda hifadhidata ya viuatilifu ya Tume ya Ulaya. EUR-Lex itakupa kanuni yenyewe, ile 396/2005: ibara ya 18, kisichopangiwa kiwango kwa kawaida ni miligramu 0.01 kwa kilo. Masharti ya mzigo, mfano tamko la asili ya bidhaa, ambalo kwa mzigo unaozidi yuro 6,000 hutolewa tu na aliyesajiliwa REX, mfumo wa usajili wa wauzaji nje, yamepangwa vizuri zaidi Access2Markets, tovuti ya Tume hiyo kwa wafanyabiashara.

Nyota nne kati ya tano. PDF zenye viambatisho ni nzito, zipakue penye waifai.