TAHADHARI: "Gesi ya AC imeisha, tujaze?" Jinsi watu wanavyopigwa, na jinsi ya kuwabaini

Ndugu zangu wa Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa na popote penye joto la pwani, kabla hujamruhusu mtu afungue mtungi wa gesi mbele ya AC yako, soma hapa kwanza. Joto likianza kupanda mwishoni mwa mwaka, mitaani wanazunguka watu wenye geji, spana na mtungi mmoja, na kila AC wanayoigusa ina ugonjwa uleule: gesi imeisha. Wanajaza, wanalipwa, wanaondoka. Wiki chache baadaye AC imerudi palepale, au kompresa, pampu inayosukuma gesi, imekufa kabisa. Mafundi waaminifu wa majokofu na viyoyozi ni wengi, na hao ndio wanaochafuliwa jina na watu hawa.

La kwanza kabisa: gesi ya AC haiishi. Haiunguzwi kama petroli wala haichakai kama oili ya injini. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, inabeba joto la chumbani, inalitua nje, inarudi kubeba tena. AC iliyofungwa vizuri inaweza kufanya kazi miaka kumi na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, ina maana kuna mahali panavuja. Kwa hiyo mtu anayekwambia "gesi huwa inaongezwa kila mwaka" ama hajui kazi, ama anajiwekea akiba ya kurudi kwako mwakani. Kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka, na hapa maji yenyewe unayanunua kwa gramu.

Sasa angalia mchezo wa geji, maana ndio unaowanasa wengi. Anafunga mpira kwenye mashine ya nje, anakuonyesha mshale: "Unaona mama, iko 120, inatakiwa 150." Mwenye nyumba anaona namba, anaamini. Kumbe kwa R-410A (namba za R ni majina ya aina za gesi ya AC), AC ikiwa inapoza, psi 115 hadi 130 (psi ni kipimo cha presha) upande wa bomba nene ni kawaida kabisa. Kwa R-22 kawaida ni kama 65 hadi 75. Na kama AC yako ni inveta, namba hiyo inapanda na kushuka kwa jinsi kompresa inavyobadili mwendo: ikienda taratibu presha inakuwa juu, ikikazana inashuka. Hakuna fundi anayeweza kutazama mshale mmoja wa inveta akajua gesi imepungua gramu ngapi.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wanafunga mpira nusunusu, usisukume ile pini ndogo ndani ya valvu, geji inasoma sifuri. "Imeisha yote." Mwambie azime AC, asubiri kama nusu saa, afunge mpira upya hadi mwisho. Kwenye joto la nyuzi 30, AC ya R-410A au R-32 iliyozimwa inapaswa kuonyesha kama psi 250 hadi 265. Ya R-22 kama 158. Ila presha hiyo ya AC iliyozimwa haisemi gesi ni kiasi gani. Maadamu ndani bado kuna gesi ya majimaji, yaani iliyobanwa ikawa kimiminika, hata ikiwa nusu, namba ni ileile. Inakuthibitishia tu kwamba ile sifuri ilikuwa uongo. Na kama kweli ni sifuri, basi hakuna cha "kuongeza" hapo: hewa na unyevu vimeshaingia, tundu lazima litafutwe na mfumo mzima ukaushwe ndipo ijazwe upya.

Kuna ujanja mwingine wa kimyakimya. Mtu anakuja kwa "sevisi" ya kawaida, anaosha, kisha kwa kifunguo cha pembe sita anafunga kidogo ile valvu ya bomba kwenye mashine ya nje. AC inadhoofika siku hiyohiyo au kesho yake, unampigia, anakuja na mtungi. Anafungua valvu, anajifanya anajaza, ubaridi unarudi. Kwa hiyo akimaliza kuosha usimwache aondoke hivi hivi. Washa AC dakika 15 hadi 20, feni kasi ya juu, nyuzi 16 au 18. Pima kwa kipimajoto hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani na ile inayotoka chini. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri kwa AC nyingi. Iandike namba hiyo na tarehe.

Hesabu ya gramu ndiyo kinga yako kubwa. Ubavuni mwa mashine ya nje pana kibao chenye aina ya gesi na uzito wake: mathalani R-32, kilo 0.58, au R-410A, kilo 0.85. Kipige picha leo, kabla jua na chumvi havijakifuta. AC ya BTU 9,000 au 12,000 kwa kawaida inabeba chini ya kilo moja au kilo moja na kidogo. Mtungi mpya wa R-410A wa kilo 11.3 ungejaza AC za gramu 700 zipatazo 16 kutoka utupu. Mtu akikwambia "AC yako imekula nusu ya mtungi", anakudai gesi ya AC nane. Nyongeza ya halali ni ile ya mabomba marefu: gesi ya kiwandani inatosha mita kadhaa, mara nyingi 5 hadi 7.5, na kila mita inayozidi inaongezwa gramu chache, kwa mashine ndogo kama 15 hadi 20. Mwongozo wa mashine ndio unaosema kiasi kamili. Mita tatu za ziada haziwezi kuzaa kilo mbili.

Kwa hiyo asiye na mizani asijaze. Mtungi unawekwa juu ya mizani ya dijiti mbele yako, namba inasomwa kabla na baada, unalipia tofauti. Fundi anayejaza kwa kushika bomba na kusema "sasa imekuwa baridi" anabahatisha, na gesi ikizidi inaumiza kuliko ikipungua kidogo: presha ya upande wa juu inapanda, umeme unaliwa zaidi, na gesi ya majimaji inaweza kurudi kwenye kompresa ikavunja valvu zake.

Kabla ya yote hayo, hakikisha tatizo ni gesi kweli. Filta iliyojaa vumbi, feni ya ndani iliyoganda uchafu, au mapezi (zile bati nyembamba za kupitisha hewa) ya mashine ya nje yaliyozibwa na manyoya ya paka na vumbi la barabarani vinadhoofisha AC kama vile gesi imepungua. Kwenye AC zisizo inveta, kapasita iliyochoka inafanya kompresa ivume tu bila kuanza, na hicho ni kipuri cha bei ndogo. Dalili moja ya kutazama ni barafu. Bomba jembamba likiota barafu pale nje huku lile nene halina hata jasho la ubaridi, uwezekano wa gesi kupungua ni mkubwa. Barafu ikitanda mashine yote ya ndani hadi bomba nene, anza kushuku hewa haipiti: safisha filta kwanza.

Upande wa mitungi yenyewe hali ni mbaya zaidi, na hapa si fedha tu inayopotea. R-22 inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, unaolinda tabaka la ozoni: nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi yake pamoja na gesi za kundi lake kwa asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025, na asilimia 97.5 ifikapo 2030. Kitu kikiadimika na bei ikapanda, bandia zinaingia. Wapo wanaojaza mitungi ya kutumika mara moja, ambayo imetengenezwa isijazwe tena, kwa gesi yoyote waliyopata. Ndani ya mtungi ulioandikwa R-22 unaweza kukuta propani, ndugu wa gesi ya kupikia. AC nyingi zimetundikwa juu ya kitanda, pengine kitanda cha mtoto. Propani ikivuja hapo usiku, cheche ya swichi inatosha. Zipo AC zilizotengenezwa kwa propani, R-290, na zina kiwango kidogo na kinga zake; kuimwaga kwenye AC ya R-22 ni jambo jingine kabisa.

Mwaka 2011 dunia ya usafirishaji iliona mbaya zaidi. Gesi bandia ya R-134a, aina inayotumika kwenye majokofu, iliyochanganywa na kemikali iitwayo R-40 iliwekwa kwenye makontena ya kugandisha chakula. R-40 ikikutana na aluminiamu ya kompresa inazaa kemikali inayowaka yenyewe ikiguswa na hewa. Kompresa zililipuka, na mafundi wakafa Vietnam na Brazil wakiwa kazini. Kompresa nyingi za AC za nyumbani nazo zina aluminiamu ndani.

Kipimo cha mtungi ni rahisi. Uache kivulini masaa kadhaa hadi ulingane na joto la mahali pale, usiwe umetoka juani wala kutumika muda huohuo. Funga geji. Kwenye nyuzi 30, R-22 inasoma karibu psi 158, R-410A karibu 258, R-32 karibu 265, R-134a karibu 97. Mtungi wa "R-22" unaosoma 140 unaelekea propani. Ukisoma 250, umebandikwa jina lisilo lake. Ila R-410A na R-32 zimekaribiana mno kutofautishwa kwa geji, na mchanganyiko wa kijanja unaweza kuigiza namba, kwa hiyo kipimo hiki kinamkamata mwongo lakini hakimsafishi kila anayefaulu. Pima uzito pia: R-22 ya kilo 13.6 pamoja na mtungi wake, ambao mtupu ni kama kilo tatu, iwe kilo 16 na ushei. Tazama boksi: herufi zilizokosewa, namba ya toleo kwenye boksi isiyofanana na ya mtungi, siili iliyoguswa, rangi iliyopigwa upya juu ya kutu. Kwa R-410A, fundi asikubali kununua "nusu kilo" iliyohamishiwa kwenye kopo lisilo na jina.

Na kataa mchanganyiko. "R-410A imeisha, nakuwekea R-22, zinafanana" ni uongo. Presha ya R-410A inazidi ya R-22 kwa zaidi ya nusu, na oili zake ni tofauti. Gesi mbili zikishachanganyika hazitenganishwi tena nyumbani. Yote inatolewa na kuanza upya.

Kazi ikifanywa sawasawa utaiona hivi. Gesi iliyobaki inavutwa kwa mashine kuingia mtungi wa kukusanyia, haiachwi hewani. Kisha naitrojeni yenye regulata inaingizwa, psi 400 hadi 500 kwa R-410A au R-32 bila kuvuka kiwango cha mtengenezaji, na povu la sabuni linapakwa kwenye nati nne za mabomba, valvu, na kila palipochomelewa. Mlio karibu na bahari tazameni zaidi mapezi ya mashine ya nje, chumvi inayala. Anayetaka kutumia oksijeni badala ya naitrojeni mzuieni papo hapo: oksijeni yenye presha ikikutana na oili inalipuka. Nati ya bomba la robo inchi inakazwa kwa spana ya kipimo, niutoni-mita 14 hadi 18. Ikikazwa kwa hasira tu, mdomo wa shaba unapasuka na uvujaji unaanza upya.

Halafu vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote nje kwa pampu. Hapa ndipo wengi wanakwepa, wanafungua valvu kidogo gesi isukume hewa nje, sekunde chache, basi. Oili ya R-410A na R-32 inanyonya unyevu kwa haraka, na hewa ya pwani ina unyevu tele. Maji yakibaki ndani yanageuka asidi na kula waya za kompresa. Pampu inavuta hadi chini ya mikroni 500 (kipimo cha presha ndogo mno) kwenye geji ya vakyumu, kisha inafungwa dakika kumi. Ikipanda kupita 1,000 bado kuna unyevu au tundu. Geji ya kawaida ya psi haiwezi kuonyesha hilo. Mwisho ndio mizani: R-410A inatolewa ikiwa ya majimaji, mtungi ukiwa umepinduliwa kichwa chini, kwa gramu za kibao. Ikigoma kuingia yote, iliyobaki inaongezwa kidogokidogo AC ikiwa inapoza.

Kwa walio Arusha, Mbeya, Nairobi au ughaibuni wenye AC za kupoza na kupasha: kusiwe na kujaza mashine ikiwa kwenye kupasha joto kupitia valvu ya bomba nene. Wakati huo bomba hilo ndilo la presha ya juu, na valvu ya mtungi ikifunguliwa gesi ya moto inaweza kurudi ndani ya mtungi. Kwa walio Marekani, anayeshika gesi hizi lazima awe na cheti cha Section 608 cha EPA, mamlaka ya mazingira ya huko; mwombeni akionyeshe.

Ukiwa umeshapigwa, usikubali mtu yuleyule "aongeze kidogo tena". Zima AC. Tafuta fundi mwenye mashine ya kukusanya gesi, maana hujui kilicho ndani, na mwambie hivyo kabla hajawasha moto wa kuchomelea. Picha ya mtungi, namba ya toleo, risiti na mazungumzo ya simu vitunze. Kwa Tanzania bidhaa bandia zinaripotiwa Tume ya Ushindani, FCC, na kwa Kenya kwa mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia. Risiti isiyoandika aina ya gesi na gramu zilizoingia, mrudishie aiandike upya kabla hujatoa hela.