Meza saba za Imo: uzoefu wangu kwenye mgahawa wa baekban, Imun-dong, Seoul

Ukishuka kituo cha Hankuk University of Foreign Studies, mstari namba 1 wa treni za Seoul, usifuate umati unaoelekea chuoni. Ingia vichochoroni. Utapita kwa dobi, utapita kwa fundi wa viatu, kisha utaona mlango wa kioo uliojaa mvuke kwa ndani. Kibao cha juu kimeandikwa neno moja tu, baekban. Kwa maana ya neno ni wali mweupe, lakini Mkorea akilisema anakusudia chakula cha nyumbani: wali, mchuzi, na vitoweo vidogo vidogo kadiri mwenye nyumba alivyojaaliwa siku hiyo. Ndani mna meza saba. Ninaijua idadi yake kwa kuwa nimesimama sana nje nikingoja moja iachwe.

Nimekula hapa miaka miwili sasa, mara tatu au nne kwa wiki. Ninaandika kwa ajili ya wenzetu wanaokuja kusoma, hasa Waislamu, ambao mwezi wa kwanza huishi kwa mayai ya kuchemsha na ndizi kwa kuogopa kuingia popote. Mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Mgahawa ni wa nyumba moja. Bibi, aliyepita miaka themanini, hukaa meza ya karibu na jiko akichambua chipukizi za soya, anakata mkia mmoja mmoja kwa ukucha. Binti yake ndiye mpishi. Mkwe hupeleka sahani na hupokea fedha, na mjukuu akirudi skuli hufungua madaftari yake pale pale alipo bibi, chipukizi zikasogezwa kando. Hakuna mtumishi wa kuajiriwa.

Mpishi haitwi kwa jina. Huitwa imo, yaani dada wa mama: mama mdogo au mama mkubwa, wao hawatofautishi. Shangazi, dada wa baba, ana neno lake, gomo, na sijasikia hata siku moja mteja akimwita mpishi gomo. Nilipoelezwa hivyo nilielewa papo hapo, bila kamusi. Kwetu Unguja pia, mtoto mwenye njaa anajua mlango wa mama mdogo uko wapi. Kwa hivyo ukiingia, sema imo. Hakuna anayeona ajabu, hata ukiwa mgeni mwenye mtandio.

Agiza baekban. Bei ni won 9,000, haifiki dola saba. Usitafute kijiko mezani, vuta droo ndogo iliyo ubavuni mwa meza, vijiko na vijiti vya chuma vimo humo. Maji unajichotea mwenyewe, na yale ya rangi ya kahawia ni maji ya shayiri iliyokaangwa, hayana kilevi. Kisha visahani vinaanza kuja. Huitwa banchan, havihesabiwi kwenye bei, na kimoja kikiisha unaongezwa. Kila siku kuna kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na chipukizi za soya kwa mafuta ya ufuta. Vingine hubadilika: spinachi, mbatata zilizopikwa kwa sosi ya soya, figili. Na dagaa! Dagaa wadogo kabisa, wakavu, waliokaangwa na sosi ya soya, asali kidogo na ufuta hadi wakawa wanang'aa. Siku ya kwanza niliwatazama macho yao madogo nikahisi kama nimekutana na jirani ugenini.

Wali huja kwenye kibakuli cha chuma chenye kifuniko. Kibakuli hakiinuliwi, hukaa mezani. Wali na mchuzi ni kazi ya kijiko, vitoweo ni kazi ya vijiti, na vijiti havichomekwi vikasimama kwenye wali, maana hiyo ni sura ya chakula cha maiti. Ukikaa na mtu mzima, ngoja aanze yeye. Hayo yote mtoto wa Kiswahili aliyelelewa anayajua nusu yake tayari.

Sasa jambo zito. Huu si mgahawa wa halali, na sitaki mtu anielewe vibaya. Nyama yao si ya kuchinjwa kwetu, na nguruwe hutiwa kwenye vyakula vingi, hasa mchuzi wa kimchi. Wiki yangu ya pili niliagiza sundubu, ule mchuzi mwekundu wa tofu laini (maziwa ya soya yaliyogandishwa). Niliutazama, sikuona nyama. Nimekwishakula vijiko viwili nikakuta chini vipunje vya nyama ya kusagwa. Nilisimama mwili ukitetemeka, nikasema neno pekee nililolijua, dwaejigogi, nguruwe, nikapungia mkono hapana, hapana. Imo alitoka jikoni na mikono yenye unga, akaelewa, akachukua kile chungu kwa mikono miwili akainama. Hakunitoza chochote. Alinipikia kingine kwa kombe wadogo, kwenye chungu kipya. Tangu siku hiyo hajakosea. Nikiingia huinua sauti kuelekea jikoni hata kama jikoni hamna mtu, "dwaejigogi ppaego!", bila nguruwe, kama anajikumbusha mwenyewe. Nanyi jifunzeni sentensi hii kabla ya nyingine yoyote: dwaejigogi mot meogeoyo, siwezi kula nguruwe. Na ulizeni habari ya divai ya kupikia pia, maana huitia kwenye samaki wa mchuzi. Mimi vyangu ni viwili: doenjang jjigae, mchuzi wa soya iliyochachushwa, ambao imo hunitilia kombe, na kibua wa kuchoma.

Kibua huyo nimsifie. Hupasuliwa mgongoni, hutiwa chumvi tu, akachomwa mpaka ngozi ikavimba malengelenge na mafuta yakawa yanalia. Hakuna pilipili, hakuna ndimu. Nyama yake inabanduka vipande vipande kwa vijiti, na kila kipande kina ule unyevu wa samaki aliyetolewa motoni kwa wakati wake, si dakika mbili baadaye. Bei ni won 10,000, na hukuijia bure.

Kuna siku wali hupikwa kwenye vyungu vya jiwe. Ukipata bahati hiyo, pakua wali wako kibakulini, umimine maji ya moto ndani ya chungu, ufunike. Ukimaliza kula, funua. Utandu (nanyi wa bara mnauita ukoko) umelainika, maji yamechukua harufu ya wali ulioungua kidogo, na unakunywa polepole. Huitwa sungnyung. Nyumbani tuligombania utandu tukiwa watoto, mimi na kaka zangu, tukiukwangua kwa upawa hadi sufuria inapiga kelele. Sikuwahi kufikiri kuna watu waliokaa wakaupikia maji ili usipotee hata punje.

Kitu kilichonitesa zaidi mwanzoni ni mkono wangu wa kulia. Miaka ishirini na tano umezoea kumega, ghafla umepewa vijiti vyembamba vya chuma vinavyoteleza. Bibi alikuwa akinitazama. Siku moja alikuja na kikapu cha majani ya saladi, akakaa mbele yangu bila kuniuliza. Alitandaza jani kiganjani, akaweka wali, kipande cha kibua alichokwisha kukitoa miba, kipande cha thomu, na sosi nzito ya soya na pilipili. Akalikunja likawa mviringo, akalinyoosha hadi mdomoni pangu. "A-a," akasema, kama unavyomwambia mtoto mchanga. Nikafungua mdomo. Huitwa ssam, na kwangu mimi lile lilikuwa tonge. Vidole vyake vilikuwa vinanukia mafuta ya ufuta. Sikuwa nimelishwa tonge tangu niondoke kwetu Paje.

Ramadhani iliyopita nilikuwa nikifika magharibi ikikaribia. Bibi aliniuliza swali wanalouliza Wakorea wote: hata maji? Hata maji, nikamwambia. Alitikisa kichwa, akaenda akaniwekea glasi ya maji ya shayiri, kisha akaketi akiitazama simu yangu pamoja nami hadi adhana ilipotoka ndani yake.

Kasoro zipo. Mchana, kuanzia saa sita hadi saa saba na nusu, mtu mmoja peke yake hapewi meza kwa urahisi, atasubiri au atakalishwa na asiowajua. Orodha ya chakula ni ya Kikorea tupu, imebandikwa ukutani bila picha. Hufungua saa tano asubuhi, hufunga saa tisa wapumzike, hufungua tena saa kumi na moja jioni, na ikifika saa mbili na nusu usiku jiko limezimwa, usibishe. Jumapili hawapo. Choo kiko nje, funguo inaning'inia karibu na mlango. Kadi wanapokea. Bakshishi msitoe, niliwahi kuacha won 2,000 mezani na mkwe akanikimbilia nazo hadi nje akidhani nimesahau.

Sikusema kuhusu kimchi. Mwezi wa Novemba nilikuta mabeseni mekundu yamejaa kabichi za chumvi hadi kichochoroni, na majirani wanne wamevaa glavu za mpira wakipaka pilipili, thomu, tangawizi na uduvi uliochachushwa, jani kwa jani. Kazi hiyo huitwa kimjang, na mwaka 2013 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nami nikapewa glavu. Kimchi ile ya siku ile ni mbichi, inakwaruza meno, ikifika Mei imechachuka hadi inakubana taya. Kuleni mapema na kuleni baadaye, ni vyakula viwili.

Lakini sababu hasa ya kuandika ni bakuli moja la mchuzi. Siku yangu ya kuzaliwa, wenzangu wa darasani walikuja na keki. Imo alipoiona alirudi jikoni, na baada ya muda akatoka na miyeokguk, mchuzi wa mwani. Mwanamke wa Kikorea akijifungua hupewa mchuzi huu siku nyingi mfululizo, ndiyo maana kila mtu huunywa siku aliyozaliwa, kwa ajili ya mama yake. Majani ya kijani kiza, laini, yanateleza, na kombe chini yake.

Mama yangu ni mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza pwani yetu ya Paje na Jambiani mwaka 1989, na yeye ni katika wanawake waliokiingia mapema. Maji yakikupwa huingia baharini na kamba na vigingi, akainama hadi maji yarudi. Huukausha, huuuza kwa kilo, unapakiwa kwenda ng'ambo viwandani. Ametengeneza sabuni yake. Kuula, hajapata. Nami nilikuwa sijapata, hadi siku ile. Si mwani wa namna moja na wetu, huu ni jani pana la bahari ya baridi, lakini harufu ilipopanda nilinusa nguo za mama zikiwa kwenye kamba.

Nilimwonyesha bibi picha ya mama akiwa majini. Aliishika simu kwa muda mrefu, akamwita imo aje aone. Kisha akaniambia, imo akinirudia polepole, kwamba yeye ni mtu wa Wando, visiwa vya kusini, na alipokuwa msichana kazi yao ilikuwa gim, ule mwani unaokaushwa ukawa karatasi. Huvunwa wakati wa baridi. Alininyooshea mikono, akanionyesha vidole vilipokuwa vikipasuka.

Mtaa huu unavunjwa. Upande wa pili wa barabara vichochoro vimekwisha na maghorofa yamesimama, na winchi zinaonekana kutoka mlangoni pa mgahawa. Ukiwa Seoul, nenda mwaka huu.

Mwezi ujao ninarudi Unguja. Bibi amenifungia furushi la miyeok mkavu nimpelekee mama, na maagizo yake nimeyaandika kwenye karatasi: loweka nusu saa, utaona unavyofura, usitie mwingi. Ukamue. Ukaange kwanza kwa mafuta ya ufuta, ndipo utie maji. Thomu mwishoni.