Bleak House ya BBC (2005): Charles Dance kanitisha bila kupaza sauti

Nimeimaliza tamthilia hii kwa mara ya pili wikendi hii, DVD za kuazima, kwahiyo naandika kabla sijapoa. Imetoka kwenye kitabu cha Charles Dickens, episodi 15, ya kwanza lisaa lizima zilizobaki nusu saa nusu saa, na kila moja inakukatia hapohapo penye utamu kama zile za Kifilipino, ndo maana nilianza sa mbili usiku nikajikuta sa saba bado niko kwenye kochi na asubuhi kazini.

Sasa waigizaji. Gillian Anderson, ndio, yule Scully wa X-Files, hapa ni Lady Dedlock, mke wa bwana mkubwa, jumba la kutosha mtaa mzima, mvua haikatiki na yeye kachoka na kila kitu. Jamani huyu dada hafanyi kitu! Anakaa, anaangalia dirishani, anaongea kama maneno yanauzwa. Halafu wakili wa familia analeta makaratasi ya kesi (kesi ya mirathi isiyoisha miaka nenda rudi, hapo mama yangu alielewa haraka sana, kwetu kuna kiwanja tusikiongelee), bibie anaona mwandiko, anauliza tu nani kaandika hii. Sauti haijapanda hata kidogo ila uso umeshamuona marehemu. Na wakili kaona kwamba kaona.

Huyo wakili, Tulkinghorn, ni Charles Dance, waliomuona kama Tywin kwenye Game of Thrones watanielewa. Anaingia taratibu, anasimama, basi, na wewe uliyekaa huku na chai yako unaanza kujikagua una siri gani. Mama Kiingereza anakisikia nusunusu, nilikuwa namtafsiria, lakini kwa huyu sikupata kazi, akitokea tu mama anasema "haya, karudi mwenye roho mbaya".

Anna Maxwell Martin kama Esther, yule binti yatima, mwanzoni nilimuona mpole kupitiliza, nikawa namsubiri Lady Dedlock arudi. Nilikosea. Akishaugua ndui uso ukabaki na makovu, anakuja karani Guppy (Burn Gorman, nywele zimelowa mafuta) aliyekuwa anamsumbua amuoe, anauona ule uso, anaanza kurudisha posa yake kwa kujiumauma, na Esther anamwacha tu ajichimbie. Nilicheka huku roho inaniuma. BAFTA (tuzo kubwa ya filamu na TV ya Uingereza) ya 2006 ya muigizaji bora wa kike aliichukua yeye, na Anderson alikuwa kateuliwa hiyohiyo.

Phil Davis ndo mzee Smallweed, mkopeshaji wa kausha damu kabisa, anabebwa pamoja na kiti chake huku anamfokea mjukuu wake Judy amtikise akae sawa. Siku hizi kwetu mtu akizama kwenye kochi anamuita Judy.

Kilichonikera ni kamera, kila wakihama sehemu inavutwa fyuu! fyuu! na mlio wake, nilipunguza sauti. Na wale wapenzi wawili vijana, Ada na Richard, sikuwashika, mambo yao yanapita mbio. Maandishi ya chini washeni, wakina Smallweed wanameza maneno.

Sasa natafuta ile ya 1985, Lady Dedlock ni Diana Rigg, mama kashanionya nikiipata nisithubutu kuanza bila yeye.