Maporomoko ya mawe asilia nyuma ya nyumba: kipi kinunuliwe kwanza na kipi kiachwe

Anayetaka kujenga maporomoko ya maji nyuma ya nyumba yake kwa kawaida huanza kwa kwenda kuchagua mawe, na hapo ndipo fedha yake inapoanza kupotea. Mawe ndiyo yanayoonekana na ndiyo yanayopendeza, lakini maporomoko yanapokauka au kubomolewa mapema, mara nyingi kosa haliko kwenye mawe. Liko kwenye turubai lililotandikwa chini yake, kwenye pampu iliyochaguliwa kwa kusoma namba moja tu juu ya boksi, au kwenye shimo dogo lisiloweza kupokea maji yote yanayorudi umeme unapokatika. Kwa sababu hiyo nimezipanga aina za maporomoko hapa chini kwa kuangalia kwanza kile kinachofukiwa, kisha ndipo nije kwenye jiwe.

Nafasi ya kwanza naipa maporomoko yasiyo na bwawa. Katika aina hii maji hushuka juu ya mawe, hupenya kwenye kokoto mguuni pa maporomoko na kukusanyika katika shimo lililofichwa, ambamo pampu huyarudisha juu. Hakuna maji ya wazi, na hilo pekee lingetosha kuyapa nafasi hii katika nyumba yenye watoto, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache. Mbu nao hawapati uso wa maji yaliyotulia wa kutagia, mradi pampu isiachwe imezimwa kwa siku nyingi mfululizo, maana penye joto yai la mbu huweza kuwa mbu kamili katika muda wa wiki moja hivi. Tena mwenye nyumba anaweza kuzima pampu usiku akalala, jambo ambalo mwenye samaki halimwii rahisi.

Udhaifu wake ni shimo lenyewe, na hapa inafaa kupiga hesabu kabla ya kulipa. Chukua mkondo wa urefu wa mita 3, upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 5: unabeba lita 75 za maji wakati pampu inafanya kazi. Pampu ikizimwa, lita hizo zote hushuka shimoni pamoja na zile zilizomo bombani, na ikiwashwa, hizo hizo hutoka shimoni kabla tone la kwanza halijarudi. Shimo linalotosha ni lile linalobeba angalau mara tatu ya kiasi hicho, yaani lita 225. Sasa, shimo likijazwa kokoto, nafasi inayobaki kwa ajili ya maji ni kama asilimia 40 tu ya ujazo wake, kwa hiyo ili kupata lita 225 za maji linatakiwa kuchimbwa shimo la zaidi ya lita 560. Fundi niliyemwajiri mara ya kwanza alinihakikishia kwamba shimo langu lilikuwa la lita 400, na kweli lilikuwa hivyo, kabla hajalijaza kokoto hadi juu. Kila nilipowasha pampu, maji yalishuka kwa kasi, kisha ikaanza kukoroma kama mtu anayemalizia soda kwa mrija, ilhali huku juu mkondo haujaanza hata kufurika kwenye jiwe la pili. Ilibidi kokoto zote zitolewe kwa ndoo. Dawa ni makreti ya plastiki yenye matundu yaliyotengenezwa kwa kazi hii, ambayo huacha zaidi ya asilimia 90 ya nafasi wazi, kokoto zikatandazwa juu tu kwa sura. Ni gharama ya ziada, nami naiona kuwa ya lazima.

Ya pili ni maporomoko yanayoishia kwenye bwawa. Kwa uzuri hayana mpinzani, na maji yanayoanguka huingiza hewa bwawani, jambo ambalo samaki hulihitaji. Samaki nao hula viluwiluwi vya mbu. Yamekosa nafasi ya kwanza kwa sababu mnunuzi hununua vitu viwili kwa pamoja: maporomoko, na bwawa linalohitaji chujio, kuondolewa matope na majani, na uzio panapokuwa na watoto. Mwenye moyo wa kufuga samaki ayachague bila kusita. Asiye nao atajikuta na dimbwi la kijani.

Ya tatu ni ukuta wa vibao vya mawe unaomwaga maji kama pazia kutoka kwenye mdomo mmoja ulionyooka. Huchukua nafasi ndogo na hupendeza kwenye ua mwembamba, lakini hausamehe kosa: mdomo ukiinama kwa milimita 3 tu, maji yote hukimbilia upande mmoja na pazia hupasuka. Fundi asiyetumia pimamaji kwenye kila kibao hafai kupewa kazi hii.

Ya nne, maporomoko ya zege lililovikwa mawe kwa saruji. Wengi huyapenda kwa kuwa mwashi yeyote huyajua, na ndiyo yanayopendekezwa haraka zaidi. Tatizo ni kwamba udongo uliochimbuliwa na kurundikwa huendelea kushuka kwa muda mrefu, zege halipindiki, na ufa mwembamba kama unywele hutosha kumwaga ndoo nzima ya maji kila usiku. Zege jipya pia hutoa chokaa inayoongeza ualkali wa maji na kuwadhuru samaki. Kama zege ni lazima, liwe ni msingi wa kubeba mawe mazito, na turubai litandikwe juu yake. Lenyewe lisitegemewe kuzuia maji.

Mwisho kabisa ni mawe bandia ya faibaglasi. Yana sababu moja nzuri ya kuwepo, nayo ni wepesi, kwa hiyo juu ya paa au roshani isiyoruhusu uzito yanakubalika. Kwenye ua wenye ardhi sijaona sababu ya kuyanunua.

Tukija kwenye mawe yenyewe, ninalipendelea itale, yaani graniti, na basalti karibu nalo sana. Yote mawili ni magumu, hayanywi maji kwa urahisi na hayabadilishi hali ya maji. Mawe ya mtoni yaliyoviringika ni mazuri kwa kujaza na kupamba kingo, lakini hayafai kuwa mdomo wa maporomoko, kwa sababu maji hung'ang'ania tumbo la jiwe la mviringo na kuteleza nyuma badala ya kuruka mbele. Jiwe la mdomo linatakiwa kuwa bapa, lenye ukingo mkali. Mawe ya mchanga yana rangi za kuvutia, ila yapo yanayomeng'enyuka; likwaruze kwa ufunguo, na chembe zikikubakia kidoleni, liache hapo hapo. Mawe yenye matabaka hupitisha maji kati ya tabaka na tabaka, na mahali penye baridi ya kugandisha, maji hayo hutanuka kwa takriban asilimia 9 yanapogeuka barafu na kulipasua jiwe vipande. Mawe ya chokaa nayaweka mwisho, hasa kwa mwenye samaki. Kwa kuwa muuzaji anaweza kuyaita jina lolote, nenda na chupa ndogo ya siki: dondosha matone machache juu ya sehemu iliyovunjika karibuni, usubiri, uinamishe sikio. Povu dogo likitokea kwa mlio wa kuchemka, hilo ni la chokaa. Tazama pia kama jiwe lina vipunje vinavyong'aa kama dhahabu, kwani baadhi yake ni madini ya chuma na salfa ambayo yakilowa huacha michirizi ya kutu isiyofutika.

Uzito nao uingizwe kwenye hesabu kabla lori halijafika. Jiwe la itale lenye urefu wa sentimita 50, upana wa 40 na unene wa 30 hukaribia kilo 160, na watu wawili hawalinyanyui kwa usalama. Uliza mapema kama bei ya muuzaji inajumuisha kulifikisha mahali pake au kulimwaga getini tu.

Pampu ndiyo sehemu ninayoona watu wakidanganywa zaidi, wakati mwingine bila muuzaji mwenyewe kujua. Kwa mteremko wa maji wa wastani, kadiria lita 150 kwa saa kwa kila sentimita ya upana wa mdomo. Mdomo wa sentimita 40 unahitaji lita 6,000 kwa saa. Lakini namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni kiasi ambacho pampu hutoa bila kupandisha maji hata kidogo. Ndani ya boksi kuna mchoro unaoonyesha jinsi kiasi hicho kinavyopungua kadiri kimo kinavyoongezeka, na huo ndio wa kusoma: pima kutoka uso wa maji shimoni hadi kilele cha maporomoko, ongeza kidogo kwa ajili ya urefu wa bomba na kona zake, kisha utazame pampu inatoa nini kwenye kimo hicho. Bomba jembamba huiua pampu nzuri. Kwa kiasi hiki nisingeshuka chini ya milimita 50. Wati nazo zisidharauliwe. Pampu mbili zinaweza kutoa lita zile zile, moja ikila wati 300 na nyingine 100, na tofauti hiyo kwa saa 12 kila siku ni uniti 876 za umeme kwa mwaka. Saketi yake iwe na swichi inayokata umeme mara unapovuja, ya miliampia 30, iliyofungwa na fundi umeme na si na mtu wa bustani.

Kuhusu turubai, nunua la mpira wa EPDM lenye unene wa milimita 1 au zaidi. La PVC ni nafuu lakini hukakamaa likipigwa na jua. Litandikiwe kitambaa kizito chini, na kingine juu pale mawe makubwa yatakapokaa. Litoshe kupanda kingo zote na kubaki sentimita 30 kila upande, kwa sababu uvujaji mwingi hautokani na tundu: ni ukingo uliokunjwa chini kuliko maji, au udongo na mizizi iliyougusa na kunyonya maji kama utambi. Mianya kati ya mawe izibwe kwa povu jeusi la mabwawa, la sivyo maji yatapita chini ya mawe uliyoyalipia na juu utabaki na mchirizi.

Katika mkataba na fundi, bakiza sehemu ya malipo hadi majaribio yafanyike. Jaza shimo, washa pampu kwa saa moja, kisha izime na maji yote yashuke. Weka alama kwenye usawa wa maji na urudi baada ya saa 24. Maji yakishuka sana pampu ikiwa imezimwa, kasoro iko shimoni. Yakibaki pale pale, washa pampu usiku kucha, uizime asubuhi na kutazama alama tena: yakiwa yameshuka sana kuliko mvuke unavyoweza kueleza, kasoro iko kwenye mkondo, nayo itafutwe kuanzia kingo za chini kabisa, huku fundi akiwa bado yupo.