Gita la besi la mwembe na mpingo kutoka Majengo, Mombasa: mbao kumi juu ya kumi, waya pelekea mtu mwingine

Haya, sasa nimeishika hii besi miezi minane, masika yote yamepita juu yake, nimeipiga harusini, nimeipiga hotelini Diani, na mara moja Shanzu kwenye jukwaa la makuti mvua ikitupiga ubavuni, basi naona ndo wakati wa kusema ukweli wangu, manake kila nikimaliza shoo kuna mtu anakuja kuniuliza ile gita ya manjano yenye mistari nimeagiza nchi gani, na nikimwambia imeundwa Majengo anacheka.

Imeundwa Majengo wallahi. Karakana iko ndani kwa ndani, ukiwa barabarani huioni, unapita wanapopanga vitanda na makabati nje alafu unafuata sauti ya randa. Fundi mwenyewe kanambia nisitaje jina lake, kazi anayo ya kumtosha, kwa hiyo ntamwita ami tu kama ninavyomwita. Kazi yake ni milango na vitanda, na pembeni anarekebisha udi za watu wa taarab, mbili tatu ameunda mwenyewe na ziko ukutani hauzi hata umlilie. Besi ya umeme hajawahi kuunda, mimi ndo wa kwanza, na alinambia hivo kabla hajashika hata senti yangu.

Kwa nini sikununua ya dukani? Nilinunua. Ya kiwandani, imetoka ng'ambo, na kila msimu ukibadilika shingo inakwenda na msimu, mara nyuzi zimepanda juu vidole vinauma, mara zimelala zinagonga freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) zrrr zrrr. Nikadhani nimeuziwa mbovu. Ami ndo alonieleza: viwanda vingi vinakausha mbao kwa tanuri mpaka ubaki unyevu wa asilimia kama 8 hivi, sasa ukiileta Mombasa kwenye hewa ya bahari mbao inakunywa mpaka itosheke, na ikinywa inavimba na kujikunja. Ipeleke bara wakati wa jua kali utaona kinyume, mbao inasinyaa na ncha za freti zinachomoza pembeni zinakukwaruza mkono. Kwa hiyo dawa yake ni kukausha mbao hapa hapa itakapokaa, na usiiharakishe.

Na hapo kwa kutoharakisha ndo palipozua ugomvi.

Alinambia miezi miwili. Ilikuwa saba. Mwezi wa tatu nikaanza kupiga simu, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa, nikenda mwenyewe na hasira zangu nikamkuta amekaa anakula mahamri na mbaazi, vipande vyangu vya shingo vimelala kwenye rafu havijaguswa. Nikamwambia ami mimi nina kazi ya Disemba. Hakujibu, akachukua kile kipande akakiweka juu ya mizani ya duka, ile ya kupimia unga, akanionesha nambari alizoandika kwa penseli ubavuni mwa mbao, kila Ijumaa gramu ngapi, zinashuka kidogo kidogo. "Huu bado watoa maji mwanangu. Wataka gita ama wataka upinde?" Mpaka nambari isimame palepale wiki tatu mfululizo hashiki randa. Nilirudi nyumbani nimenuna, lakini sasa nikiangalia ile shingo ilivyovuka Aprili na Mei bila kutetereka, nilikaza ile rodi ya chuma ya ndani robo mzunguko tu basi, nakubali alikuwa sawa. Ila simu angepokea. Hilo silisamehi.

Tuje kwa mbao zenyewe manake hapa ndo utamu.

Mwili ni mwembe. Ndio, mwembe huu huu wa maembe, ulikatwa Kisauni kwa mtu aliyetaka kujenga fleti, ukapasuliwa ukakaa juu ya dari ya karakana miaka mitano. Mimi nilikwenda na picha za besi za bei ya gari, nataka mbao za ajabu ajabu, nikamtajia wenge na bubinga manake ndo Warwick, kampuni ya besi ya Ujerumani, wamejijengea jina nazo. Akaniuliza zinatoka wapi, nikamwambia Afrika ya Kati huko Kameruni, akacheka sana. Yaani Mjerumani anakuja Afrika kutafuta mti wa kigeni, na wewe Mwafrika unakwenda kuutafuta kwa Mjerumani. Akaniteremshia ule mwembe, akapiga randa mara tatu nne, akapaka mate kwa kidole (samahani lakini ndo alivofanya) na rangi ikatoka: manjano, hudhurungi, kijani kidogo, na mistari myeusi kama mtu amechora kwa wino. Kumbe ile mistari ni kuvu, mwembe ukikaa na unyevu unaingia kuvu inachora, ukikausha kwa wakati inabaki urembo, ukichelewa ndo umeoza. Hawaii huko wanaundia ukulele mwembe na watu wanalipa pesa nzuri, sisi tunaupasua tukachomea samaki. Kulikuwa na vitundu viwili vya dumuzi, akaziba kwa unga wa mpingo na supaglu, sasa vinaonekana kama alama ya urembo.

Shingo ni mninga vipande vitatu, katikati yake vipande viwili vyembamba vya mpingo, vyote vimegandishwa kwa urefu. Mninga aliuchagua yeye, anasema katika mbao zote alizofanyia kazi huo ndo hauhangaiki ukikauka, hausinyai sana wala haupindi. Uso wa kichwa pale kwenye vigingi ameweka kipande cha mbambakofi cha fremu ya mlango wa nyumba ya zamani iliyobomoka, hicho hakikuhitaji kukaushwa, kilishakauka kabla babu yangu hajazaliwa.

Ubao wa freti ni mpingo mtupu. Mpingo ndo ule wanaoundia klarineti na obo Ulaya, mzito mpaka ukiutia majini unazama, na mti wenyewe mdogo tena umejikunja, kupata kipande kirefu kisicho na ufa ni bahati. Zamani wachongaji wa Kikamba wa pale Changamwe walikuwa wanautumia sana, siku hizi wengi wamehamia mwarubaini na mwembe kwa sababu umeadimika. Ami hakupata kipande kimoja cha kutosha. Alipata viwili, akaviunganisha chini ya freti ya 12, chuma ya freti imekaa juu ya maungio huwezi kuona hata na tochi. Alinionesha mwenyewe kabla hajaweka freti, angeweza kunificha.

Kwenye freti nilijua tutakwama, manake udi haina freti na yeye ni mtu wa udi. Nikampelekea jedwali. Besi yangu ni skeli (urefu wa uzi unaolia) ya kawaida ya inchi 34, yaani milimita 864, ile ile Leo Fender wa Marekani aliyoiweka kwa besi yake ya Precision mwaka 1951, na hesabu yake unagawanya urefu kwa 17.817 unapata freti ya kwanza, milimita 48.5 toka kwenye nati (kile kipande nyuzi zinapopita karibu na kichwa), alafu unagawanya uliobaki, hivo hivo mpaka mwisho, ya 12 lazima iangukie 432 kamili. Mimi nilikuwa nataka tupime freti hadi freti. Akakataa, akapima zote kuanzia nati, manake ukikosea nusu milimita kwa moja basi kosa libaki kwa hiyo moja lisiwafuate wenzake. Nikatulia. Nimeipima na tyuna juu mpaka chini, iko sawa.

Kuna siku nikajitia mjuaji nikaomba nimsaidie kupiga msasa ule mpingo, sina barakoa, mikono wazi. Usiku mikono yote imewasha imetoka vipele, pua nyeusi kama nimefagia jiko. Vumbi ya mpingo si ya mchezo.

Sauti sasa. Hapa ntakosana na watu lakini mimi siamini kwamba mwembe una sauti ya mwembe. Pikapu ni sumaku na waya, inasikia uzi wa chuma, haijui mwili ni mti gani. Ninachosikia mimi ni ile shingo ngumu. Besi nyingi kwenye uzi wa G, freti ya tano mpaka ya saba hivi, kuna mahali noti inakufa haraka, unaipiga inasema du inanyamaza. Hii yangu noti inakaa. Kwenye rumba ambapo unaacha noti ielee chini ya magita utapenda, kwenye chakacha ambapo unakata kata inabidi uzime kwa kiganja sana kwa sababu inaimba hata hujaiambia iimbe.

Na tukitaja pikapu, nilimwambia ami pikapu zinafika wiki ijayo, akafagia uwanja akangoja gari la mbao. Nikaja na kiboksi.

Sasa lawama. Waya. Ami wa mbao na umeme hawajuani kabisa. Pikapu zangu ni mbili za aina ya Jazz, zote zikifunguliwa sawa zinafutana makelele, lakini ukipunguza moja tu, mmmmm, ule mngurumo wa umeme wa Kenya wa hetsi 50 unajaa ukumbi. Alikuwa ameshalehemu kila kitu ila hakuweka waya wa ardhi kwenye briji (kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini), na tundu la ndani hakulivisha kitu. Shoo ya kwanza nilikuwa naaibika, nikishika nyuzi nikiachia inanguruma. Nilimpelekea fundi wa redio, akabandika karatasi ya shaba ndani yote, akavuta waya mpaka briji, shilingi 1,500, kelele ikapungua sana. Kwa hiyo ushauri wangu, mwambie ami achimbe matundu tu, waya mpelekee mtu wa waya.

Lawama ya pili uzito. Kilo 4.7, na ule mpingo wote uko upande wa shingo, ukiachia mkono kichwa kinashuka chenyewe. Nimenunua mkanda mpana wa ngozi, imesaidia, lakini saa nne za hotelini bega linajua. Ningerudia ningemwambia mpingo aweke ubao wa freti peke yake, vile vipande vya katikati ni urembo tu.

Bei: kazi na mbao elfu 65, nusu mwanzo nusu mwisho kwa Mpesa. Pikapu, briji, vigingi, freti na ile rodi ya shingo niliagiza mwenyewe, ongeza kama elfu 40. Si rahisi, lakini uliza bei ya besi ya mbao za hivi iliyoundwa kwa mkono huko nje alafu urudi tuongee.

Kwa mnaosafiri na bendi: mpingo uko jamii ya Dalbergia, jamii iliyowekwa kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) Januari 2017 na wapiga gita wengi wakasumbuka mipakani, alafu 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa kwenye masharti hayo. Gita inapita, gogo ni habari nyingine, na ami mwenyewe anatunza risiti za kila kipande, nilimwomba nakala akanipa.

Ukienda nenda asubuhi kabla ya adhuhuri, mchana anafunga. Usimtajie tarehe ya shoo yako, haimhusu. Na ukitaka kushika msasa chukua barakoa.